Mandhari Kongwe, Jicho Jipya
Mtahiniwa akiulizwa jinsi msanii alivyoitumia upya kazi ya jadi, asiorodheshe yanayofanana tu. Tazama picha za Japani zinazochongwa kwenye ubao na kupigwa chapa. Kati ya 1856 na 1858, Hiroshige alichora mandhari ya mji wa Edo. Mafundi wengine wakachonga na kuchapa. Kati ya 1928 na 1940, Koizumi Kishio alichora mandhari 100 ya mji uo huo, sasa Tokyo, uliojengwa upya baada ya tetemeko la 1923. Alichonga na kuchapa mwenyewe. Mto Sumida ni ule ule. Madaraja ya mbao yamekuwa ya chuma. Mwalimu, muulize mwanafunzi: kipi kimebadilika, na kwa nini? Uhakiki huanzia hapo.