Maneno ya Waanzilishi: Simulizi za Misafara, Makazi na Mifugo kutoka Kahama hadi Geita



Waanzilishi wa makazi wanapotajwa, fikra za wengi huelekea Marekani: ranchi za ng'ombe, familia zilizojipatia mashamba nyikani, na magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi. Ukanda wetu wa Shinyanga na Geita nao una simulizi za namna hiyo. Swali la mhadhara huu ni moja: simulizi hizo zihifadhiwe kwa maneno ya nani? Hoja yangu ni kwamba zihifadhiwe kwanza kwa maneno ya msimulizi mwenyewe, kwa sababu mara nyingi ushahidi wa kihistoria umo ndani ya neno lenyewe.

Tuanze na safari. Huku kwetu magari ya kukokotwa hayakustawi, na sababu mojawapo kubwa ni mbung'o, waenezao nagana kwa wanyama. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kusafiri kutoka pwani kwa magari ya maksai. Maksai wengi wakafa na mpango ukaachwa. Mzigo ukabaki kichwani na begani mwa binadamu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana kwa upagazi kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mmoja akibeba takriban kilo 30.

Historia hiyo imesalia katika Kiswahili. "Nyapara" leo ni msimamizi wa kazi ngumu, na masikioni mwa wengi neno hilo lina ukali wa gereza na shamba la mkonge. Hata hivyo, katika Kinyamwezi asili yake ni mzee wa kuheshimiwa. Misafarani akawa kiongozi wa kundi la wapagazi. Mkusanyaji anayeandika "msimamizi" mahali ambapo msimulizi ametamka "nyapara" amefuta habari ya jinsi heshima ya uzee ilivyogeuka kuwa cheo cha kazi.

Tuje kwenye makazi. Neno "ntemi" huhusishwa na kitenzi cha kutema, yaani kukata. Wapo wanaoeleza kuwa ni kukata miti, na wapo wanaosema ni kukata mashauri. Kwa maelezo ya kwanza, mtawala ni mrithi wa aliyefyeka pori. Kwa ya pili, ni mwamuzi. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini neno lingali linabeba mjadala huo. Tukilifasiri kuwa "chifu", mjadala umefungwa kabla haujaanza.

Mifugo inatupa mfano wa tatu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Palipopungua watu na mifugo, vichaka vilirudi, na mbung'o pamoja navyo. Kufyeka upya kukawa kazi ya vizazi. Mpango wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikusudia pia kuwahamishia watu na ng'ombe kwenye maeneo yenye nafasi, Geita ikiwamo.

Sasa tuchukulie kwamba mwanafunzi yuko Nyasubi, mjini Kahama, na mzee anamwambia kwamba ukoo wake "ulitoka Sukuma". Mwanafunzi ataandika jina la kabila. Lakini katika lugha za huko "sukuma" ni kaskazini, kama "dakama" ilivyo kusini. Huenda mzee ametaja upande tu ambako wazazi wake walitoka na ng'ombe wao. Swali moja la ziada, "Sukuma ya wapi, baba?", laweza kubadilisha maana ya simulizi nzima.

Hata hivyo, kulihifadhi neno si kuliamini bila kulipima. Anayesema "babu yangu ndiye aliyefyeka hapa" anasimulia, na papo hapo anadai haki. Katika ukanda ambako mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, suala la nani alitangulia kwenye ardhi linaweza kugusa fidia na riziki. Kwa hiyo simulizi ya kaya moja haitoshi. Isikilizwe ya jirani, na ya mama aliyeolewa kutoka kwingine, ambaye pengine anakumbuka visima na mbegu kuliko mipaka.

Utaratibu ninaoupendekeza ni mwepisi kuueleza, ingawa una kazi nyingi. Simulizi irekodiwe kwa lugha anayoichagua msimulizi. Inukuliwe neno kwa neno. Tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando yake, na maneno kama nyapara, ntemi na sukuma yabaki yalivyo, yakifuatwa na ufafanuzi.

Kiswahili hakitapungukiwa kwa kufanya hivyo. Kimekuwa kikipokea maneno ya bara tangu enzi za misafara. Watakaopungukiwa ni wajukuu wa wasimulizi, iwapo siku moja watafungua maktaba zetu na kukuta tumewahifadhia habari za babu zao, lakini kwa maneno ambayo babu hao hawakuyatamka kamwe.