Wajua Kusoma Nini?

Leo tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 8. Filipo alimkuta mtu wa Kushi akisafiri garini. Alikuwa Mwafrika, tena towashi, mgeni kati ya Wayahudi. Filipo hakumhesabu kuwa mjinga. Alimsikia akisoma, akamwuliza kama anafahamu, kisha akaanzia pale pale penye andiko lile.

Nasoma habari hii nikiwafikiria akina mama wa Shela, kisiwani Amu. Mama aliyepelekwa chuoni tangu utotoni aweza kusoma Kurani, na pengine barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini kampeni kubwa ya ngumbaru ilipoanza nchini Kenya mwaka 1979, ubaoni ziliandikwa herufi za Kirumi. Mama huyo akionyeshwa ubao, huonekana hajui kitu. Kwa kipimo hicho hata Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, angeketi na wanaoanza a, e, i, o, u!

Mzigo wa mama huyu umefungwa kwa kamba zaidi ya moja. Serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Watu wa Amu, waliochanganyika damu karne nyingi, wangejiweka wapi? Na hata shule ilipopatikana, wavulana walitangulia. Binti akivunja ungo, mara nyingi aliwekwa ndani.

Tena kuna lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Mama wa Amu akimwambia mwanawe “ndoo”, anamwita aje. Kitabuni ndoo ni ya kutekea maji, na huko kuja ni “njoo”. Njia kwake ni “ndia”. Basi anasahihishwa Kiswahili, yeye aliyezaliwa nacho! Si ajabu wengine hunyamaza darasani.

Wewe unayefundisha watu wazima, mwulize kwanza mwanafunzi wako: wajua kusoma nini? Akijibu kwamba asoma Kurani, tayari anajua kuwa alama hubeba sauti. Mwonyeshe alama nyingine, na kwamba hizi zinaanzia kushoto.