Ada ya Msaada wa Njiani: Je, Inafaa Kulipwa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa masuala yanayowakabili Waislamu wenye magari ni ada ya msaada wa njiani. Mtu hulipa fedha kila mwaka, na kampuni humwahidi kwamba gari likiharibika atapelekewa fundi, mafuta, au gari la kuvuta. Je, ada hii ni halali? Na kwa mkazi wa Mbulu au Hanang, ina faida? Tunayatazama maswali haya mawili pamoja, kwani jibu la pili linaingia ndani ya la kwanza.

Asili ya hukumu

Asili ya miamala ni halali mpaka ipatikane dalili ya kuikataza. Katika yaliyokatazwa ni biashara ya gharar, kama alivyopokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Gharar ni kuuziana jambo ambalo mwisho wake haujulikani, au ambalo muuzaji hana uwezo wa kulikabidhi. Wanavyuoni hupiga mfano wa samaki aliyemo majini na ndege aliye angani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu Afrika Mashariki, uwezo wa kukabidhi ni sharti la kusihi kwa mauzo.

Kwa msingi huo Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliikataa bima ya mizigo ya baharini iliyoanza kuenea zama zake. Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, iliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa na ni haramu, na kwamba badala yake ni bima ya ushirikiano. Wapo waliohitilafiana nao, kama Sheikh Mustafa al-Zarqa, lakini hiyo ndiyo kauli ya wengi.

Wapo wanaosema kuwa bima ya gari tayari tunailipa. Tunasema: bima ya mtu wa tatu inalazimishwa na sheria ya nchi, na mwenye kulazimishwa ana udhuru. Msaada wa njiani ni hiari, hivyo udhuru huo haumfikii.

Hata hivyo, si kila ada ya aina hii ni bima. Majmaa hiyo hiyo, ilipokutana Manama mwaka 1998, ilieleza kuwa mkataba wa matengenezo ni mkataba wa kubadilishana kazi kwa malipo, na hukumu yake hutofautiana kwa sura zake. Basi ikiwa kampuni inauza kazi inayojulikana, kwa mfano kulikagua gari mara 4 kwa mwaka na kulivuta mara 2 kwa masafa yaliyotajwa, huo uko karibu na ijara. Ikiwa inauza ahadi tu, kwamba jambo likitokea italipa na lisipotokea fedha imekwenda, huo uko karibu na bima iliyokatazwa.

Hali ya njia zetu

Anayetoka mjini Mbulu kwenda Babati hana budi kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, ama kwa Magara au kwa upande wa Dareda. Katesh iko kwenye barabara kuu ya Babati na Singida, lakini anayeingia vijiji vya ndani hukutana na njia za udongo ambazo masika huwa tope. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliteremka Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuziba barabara.

Sasa ikiwa gari la kuvuta linatoka Arusha, zaidi ya kilomita 200 kutoka Katesh, ahadi ya kufika haraka ina thamani gani? Anayepokea ada kwa kazi asiyoweza kuifikisha ameuza ndege aliye angani. Ndiyo maana tumesema swali la faida limo ndani ya swali la uhalali.

Kabla ya kulipa, Mwislamu aulize: Gari la msaada linatoka wapi? Linafika kwenye njia za udongo? Ni mara ngapi na kilomita ngapi? Kisha apige hesabu. Tuseme ada ni shilingi 150,000 kwa mwaka, na kuvutwa mara moja hadi kwa fundi wa karibu ni shilingi 200,000. Asiyekwama hata mara moja kwa miaka miwili ametoa 300,000 bila ya kupata kazi yoyote.

Njia zilizo salama

Ya kwanza ni ju'ala: kumwahidi ujira maalumu atakayekutoa tope, naye akistahiki akimaliza kazi. Msingi wake umo katika Surat Yusuf, pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayerudisha pishi ya mfalme. Ujira utajwe kabla ya kamba kufungwa, na mwenye trekta asimkamue aliyekwama usiku kwa kuwa hana pa kwenda.

Ya pili ni mfuko wa ushirikiano. Wenye magari 20 wa Katesh au Haydom wachange kwa nia ya tabarrui, na atakayekwama asaidiwe humo. Kinachobaki ni cha wote. Maashari, chakula kilipowapungukia, walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu. Jirani asiye Mwislamu hazuiliwi kushiriki.

Ya tatu ni maandalizi: tairi la akiba, jeki, kamba, maji. Watu wa Yemen walipokuwa wakienda Hija bila ya masurufu wakidai kutawakali, iliteremka aya ya kuwaamrisha wachukue masurufu.

Na juu ya yote, kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpandishia mzigo kumehesabiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa ni sadaka. Anayempita mwenzake aliyekwama kwenye mteremko wa Magara, ilhali ana uwezo wa kumsaidia, ameiacha sadaka barabarani.

Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.