Saa za Bandia: Magendo Yasiyo na Ghala

Mwaka 2008 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Sheria hiyo ni kali. Apatikanaye na hatia kwa mara ya kwanza aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya bidhaa alizokamatwa nazo, au kupewa adhabu zote mbili. Akirudia kosa, kifungo chaweza kufika miaka 15, na faini hupanda hadi mara 5 ya bei hiyo. Chombo maalumu kiliundwa kuisimamia, na shehena nyingi zimeteketezwa hadharani.

Hata hivyo magendo hayo hayajakoma, na sababu mojawapo yaonekana wazi katika biashara ya saa za mkono zinazoigiza saa za fahari za Uswisi. Zamani mlanguzi alihitaji kontena, wakala wa bandarini, lori na ghala. Kila hatua ilikuwa nafasi ya kumnasa. Katika msako wa mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi nchini Tanzania, mali nyingi zilifichuliwa kwa sababu zilikuwa zimelundikwa mahali. Leo muuzaji aliye ng'ambo hutangaza saa kwa njia ya intaneti, mnunuzi hulipa kwa simu, na saa husafiri peke yake katika kifurushi kidogo kama kipande cha sabuni. Hakuna ghala la kuvamiwa.

Tena sheria ya Kenya, kama ilivyotungwa, ilimlenga mfanya biashara. Aingizaye bidhaa kwa matumizi yake binafsi aliachwa nje ya kosa hilo. Hivyo walanguzi wamegawa shehena moja kuwa vifurushi elfu, na kazi ya kuvusha mpaka wamemwachia mnunuzi.

Biashara hii si ndogo. Taarifa iliyotolewa mwaka 2021 na shirika la uchumi la nchi tajiri, OECD, pamoja na ofisi ya hakimiliki ya Jumuiya ya Ulaya, ilikadiria kuwa biashara ya bidhaa bandia kati ya mataifa ilifikia dola bilioni 464 mwaka 2019, yaani asilimia 2.5 ya biashara yote ya dunia. Saa ni miongoni mwa bidhaa zinazokamatwa mara kwa mara.

Hila za wauzaji zafahamika. Huonyesha picha ya saa halisi, kisha hutuma nyingine, au hawatumi kitu. Wengine hudai kuwa nakala yao imetengenezwa Uswisi. Huo ni uongo, kwani tangu Januari 2017 sheria ya nchi hiyo inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kuunda saa iwe imetumika humo humo. Wapo wanaoamini kuwa mshale wa sekunde ukienda kwa kuteleza badala ya kuruka, saa ni halali. Dalili hiyo haitoshi, maana waigizaji nao hutia mitambo isiyotumia betri. Dalili iliyo dhahiri zaidi ni bei: saa ya maelfu ya dola haiuzwi kwa dola mia.

Kwa askari, hasara si ya fedha tu. Saa iliyoandikwa kwamba yastahimili maji yaweza kusimama usiku wa doria, palepale inapohitajika. Anayenunua humkabidhi mhalifu asiyemjua jina lake, namba ya simu, na pengine anwani ya kikosi chake. Na ofisa anayesimamisha magari barabarani huku mkononi inang'aa saa ifananayo na ya milionea huwafanya wananchi waulize aliipata wapi. Hawatajua kuwa ni bandia. Watadhani ni rushwa.

Simu haina mpaka, na yanayotokea Kenya hutokea pia kwa majirani zake. Polisi na forodha wataendelea kulinda bandari na vituo vya mpakani, lakini kifurushi cha saa moja kina mlinzi wa kwanza mmoja tu, naye ni yule mwenye kushika simu. Askari akikataa kununua, amefunga njia ambayo hakuna kizuizi cha barabarani kiwezacho kuifunga.