Lawrence Heights: mtaa wa Toronto unaojengwa upya, na ahadi ya kurudi

Ndugu zetu wengi wanaoishi Toronto, nchini Kanada, huupita mtaa wa Lawrence Heights kila siku bila ya kuuona. Treni ya mjini inayotoka katikati ya jiji kwenda kaskazini hupita juu ya ardhi sehemu hiyo, katikati kabisa ya barabara kuu ya Allen. Baina ya kituo cha Lawrence West na kile cha Yorkdale, upande wa kushoto na wa kulia, ndipo mtaa huo ulipo. Katika makala yetu ya leo tunautazama kwa karibu, kwa sababu historia yake inawahusu wapangaji wa mji wowote, uwe Toronto au Dar es Salaam.

Lawrence Heights uko umbali wa kilomita kama tisa kaskazini magharibi mwa katikati ya jiji, katika eneo la North York, ambalo lilikuwa na utawala wake hadi lilipounganishwa na Toronto mwaka 1998. Kusini yake kuna barabara ya Lawrence, na kaskazini kuna barabara kuu namba 401, miongoni mwa zenye magari mengi zaidi Amerika Kaskazini. Jirani yake ni Yorkdale, jengo kubwa la maduka lililofunguliwa mwaka 1964, ambalo leo linajulikana kwa maduka ya bidhaa za anasa.

Mtaa huu ulijengwa na serikali kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Kanada ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba, na shirika la nyumba la serikali kuu likachukua mashamba ya pembezoni mwa mji na kujenga makazi ya watu wa kipato cha chini. Wataalamu wa wakati huo waliamini kuwa familia zitaishi kwa utulivu zaidi iwapo magari ya wapita njia hayataingia mtaani. Hivyo wakachora barabara za kuzunguka na kupinda, nyingine zisizo na mwisho wa kutokea, na njia chache tu za kuunganisha mtaa na majirani.

Nia ilikuwa nzuri, lakini matokeo yake yalikuwa kutengwa. Wenye nyumba binafsi wa jirani hawakuufurahia mradi huo, na uzio ukatenganisha pande mbili. Hali ikawa ngumu zaidi ilipojengwa barabara kuu ya Spadina, ambayo baadaye ilipewa jina la Allen. Barabara hiyo ilikusudiwa kufika hadi katikati ya jiji, lakini wananchi wa mitaa ya kusini, akiwemo mwandishi mashuhuri Jane Jacobs, waliipinga, na mwezi Juni 1971 Waziri Mkuu wa jimbo la Ontario, Bill Davis, akasimamisha ujenzi wake. Mitaa ya kusini ikaokoka. Lawrence Heights haukupata bahati hiyo, kwani kipande cha barabara kilikuwa tayari kimeshaukata mtaa vipande viwili. Treni ilipoanza kupita hapo mwaka 1978, usafiri wa kwenda mjini ulikuwa rahisi, lakini mpasuko ulibaki pale pale.

Kutokana na njia zake za kupindapinda, mtaa ulipewa jina la utani la Jungle, yaani msitu. Wakazi wake walibadilika kadiri wahamiaji walivyozidi kuja: kutoka visiwa vya Karibiani, kisha Wasomali, Waeritrea na wengineo. Baadhi ya Wasomali walipitia Kenya kabla ya kufika Kanada, na hivyo Kiswahili si lugha ngeni kwao. Mwaka 2005, jiji lilipochagua mitaa 13 iliyohitaji kupewa kipaumbele katika huduma za jamii, Lawrence Heights ulikuwa miongoni mwao.

Mwaka 2010 Baraza la Jiji la Toronto lilipitisha mpango wa kuujenga mtaa upya. Kwa mujibu wa mpango huo, nyumba zote 1,208 za serikali, ambazo mpangaji hulipa kodi kulingana na kipato chake, zitabomolewa na kujengwa nyingine kwa idadi ile ile. Pembeni yake zitaongezwa nyumba elfu nne hivi za kuuzwa kwa bei ya soko, pamoja na bustani na barabara mpya za kuunganisha mtaa na majirani. Kazi inafanywa kwa awamu na inachukua miaka mingi. Awamu ya kwanza ilianza katikati ya muongo wa 2010.

Hapa ndipo penye suala lenyewe. Mpangaji anayehamishwa amepewa haki ya kurudi. Lakini kurudi baada ya miaka kadhaa si jambo dogo: watoto wameshabadilisha shule, wazee wamepoteza majirani, na mtaa wenyewe utakuwa na wapangaji wachache kuliko wenye nyumba.

Wasomaji wetu wa Tanzania watakumbuka Magomeni Kota. Wakazi wake walihamishwa na nyumba zao kubomolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010, na walisubiri hadi Machi 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua nyumba mpya kwa ajili ya kaya 644. Katika muongo mmoja mtoto anaweza kuanza na kumaliza shule ya msingi.

Kwa maoni yetu, Toronto imefanya jambo la maana kwa kuandika idadi ya nyumba za wanyonge ndani ya mpango, kwani ahadi yenye tarakimu inaweza kudaiwa. Hata hivyo, kosa la miaka ya 1950 halikuwa ubovu wa nyumba. Lilikuwa kuwatenga watu. Barabara mpya zilipopendekezwa, baadhi ya majirani walizipinga wakihofia magari mitaani kwao. Uzio wa waya ni rahisi kuung'oa, ila ule ulio mioyoni huchelewa. Mradi huu utahesabiwa umefanikiwa pale mpangaji wa zamani atakaporudi, na mtoto wake akacheza bustani moja na mtoto wa aliyenunua.