"Mashimo Yalifukiwa" au "Watu Walifukiwa"? Lugha ya Magazeti na Kisa cha Bulyanhulu

Wahakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi. Gazeti la jana tunafungia maandazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba habari ya gazeti nayo ni kazi ya lugha: ina msimulizi, ina wahusika na ina upande, hata kama mwandishi anaapa kuwa hana. Upande huo hujitokeza zaidi pale habari inapogusa usalama wa taifa. Mfano wetu ni Bulyanhulu, Kahama, mkoani Shinyanga.

Kisa chenyewe

Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta dhahabu Bulyanhulu. Eneo hilo hilo lilidaiwa na kampuni ya Kahama Mining, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwishoni mwa Julai serikali iliwaamuru wachimbaji waondoke, na mwezi Agosti mashimo yakafukiwa. Wachimbaji wakasema wenzao zaidi ya 50 walikuwa bado chini. Serikali na kampuni zikakanusha. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001.

Kiambishi kimoja

Hebu tutazame sentensi mbili: "Mashimo yalifukiwa" na "Watu walifukiwa." Kitenzi ni kile kile. Kilichobadilika ni kiambishi tu, ya- na wa-, na ugomvi wote umo humo. Tena sentensi zote mbili ziko katika kauli ya kutendwa. Aliyefukia hayupo. Utadhani katapila lilijiwasha lenyewe, likajiendesha, likarudi kulala.

Majina nayo yana kazi yake. Mtu yule yule akiitwa "mchimbaji mdogo" ni raia anayehangaikia riziki. Akiitwa "mchimbaji haramu" au "mvamizi", basi keshahukumiwa kwenye kichwa cha habari. Aya ya pili ya nini tena? Kadhalika neno "inadaiwa". Ni neno la haki likitumika kwa wote. Lakini likiwekwa kwa wachimbaji peke yao, huku maneno ya mkuu yakipewa "amesema" au "amefafanua", mizani imeshainama.

Tusiwaonee waandishi wa upande mmoja tu. Anayeandika "wamezikwa hai" bila hata chembe ya shaka, kabla shimo moja halijafukuliwa, naye amefunga kesi mapema. Isitoshe, kuzika kwetu kuna sanda, kuna dua, kuna matanga. Neno hilo linachoma moyo, na mwandishi analichagua akijua hivyo.

Swali linapobadilishwa

Mwaka 2001 ulijitokeza mkanda wa video uliodaiwa kuonyesha miili ya wachimbaji. Novemba mwaka huo polisi walifanya upekuzi Dar es Salaam uliowalenga wanasheria wa asasi ya mazingira ya LEAT. Baadaye Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala wa LEAT, pamoja na mwanasiasa Augustine Mrema, walishtakiwa kwa uchochezi.

Hapo ndipo masimulizi yalipobadilisha mhusika mkuu. Swali la awali lilikuwa: je, kuna watu waliofia shimoni? Swali jipya likawa: nani anachochea? Neno "uchochezi" halijibu swali la kwanza, linalisukuma nje ya ukurasa. Na mhariri wa wakati ule alikuwa na sababu ya kuogopa: Sheria ya Magazeti ya 1976 iliitambua habari ya uchochezi kuwa kosa, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 iliadhibu utoaji wa siri za serikali. Sheria hiyo ya magazeti iliondolewa mwaka 2016, lakini iliyoirithi, Sheria ya Huduma za Habari, nayo ikabaki na kosa la uchochezi. Kwa hiyo upendeleo mwingine si wa hongo wala chuki. Ni woga uliovaa sarufi.

Lakini sarufi nyingine inawezekana, na Shinyanga inaijua. Katikati ya miaka ya 1970, watu waliokamatwa kwa kushukiwa mauaji ya vikongwe walifia mikononi mwa vyombo vya usalama huko Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. "Mwinyi alijiuzulu": sentensi fupi, yenye mtenda. Kumbe yawezekana.

Hitimisho

Oktoba 2002 ofisi ya malalamiko ya taasisi za Benki ya Dunia ilisema haikuona msingi wa madai ya watu kufukiwa. Watetezi wa haki za binadamu walikuwa wakidai uchunguzi huru. Mhakiki si hakimu, wala makala haya hayatoi hukumu ya Bulyanhulu. Ila wengi wetu hapa tutaishia kwenye vyumba vya habari. Siku tutakapoletewa habari yenye muhuri wa usalama, tuulize: nani katenda? Nani kapewa jina gani, na nani kampa? Swali la kwanza limejibiwa, au limebadilishwa tu? Kuna mama pale Kahama anayesema mwanawe alikwenda machimboni asirudi. Anastahili walau sentensi yenye mtenda.