Mifereji Iliyomo Ndani ya Ini

Ini likitazamwa kwa macho ni nyama moja laini ya rangi ya damu ya mzee, kilo moja na nusu hivi, na juu yake hakuna alama za kutosha kumwonyesha daktari akate wapi. Mipaka mingi imo ndani. Mfaransa Claude Couinaud, katika kitabu alichokitoa mwaka 1957, aliligawa mafungu manane, kila fungu na tawi lake la kuletewa damu na la kutolea nyongo. Mkulima wa Lushoto huelewa jambo hili upesi kuliko wanafunzi wangu: ukiziba mfereji huko juu, kabichi za chini yake zitanyauka hata kama jembe halikuzigusa.

Kwa hiyo kabla ya kisu tunasoma mifereji. Mgonjwa huanza na ultrasaundi: jeli ya baridi tumboni, vuta pumzi, zuia. Kama uvimbe unaoonekana ni jipu la amiba, mara nyingi safari inaishia hapo hapo kwa dawa, na pengine sindano ya kunyonya usaha, ncha yake ikifuatwa kwenye skrini. Uvimbe ukitiliwa shaka, mgonjwa anateremka kona za barabara ya Lushoto hadi Mombo, kisha Moshi, hospitali ya KCMC, kwa CT skani.

Huko hudungwa dawa ya kung'arisha mishipa, na picha hupigwa kwa kuhesabu sekunde. Hapo ndipo napapenda. Ini hupata kama robo tatu ya damu yake kwa mshipa wa porta, utokao utumboni. Saratani iliyoanzia kwenye ini hunywa zaidi kwenye ateri. Basi sekunde ya thelathini na kitu, dawa ikiwa bado kwenye ateri, uvimbe hung'aa peke yake. Baadaye ini zima linang'aa, uvimbe wenyewe umefifia. Mwizi wa maji kajitaja.

Kama uvimbe ni wa kukatwa, kinachopimwa sana si kitakachotolewa bali kitakachobaki. Ini lenye afya laweza kumtosha mtu likibaki asilimia 20 hadi 30. Lenye makovu ya sirosisi huhitaji kama 40. Kitakachobaki kisipofika hapo, hospitali zenye vifaa huziba kwa makusudi porta ya upande mgonjwa. Damu huhamia upande wa pili, nao hukua kwa wiki chache. Picha inapigwa tena.

Hata katika chumba cha upasuaji ultrasaundi huingia, safari hii ikiwekwa juu ya ini lenyewe, kwani likishainuliwa na kugeuzwa halifanani tena na lile la kwenye CT. Daktari hutafuta mshipa, huchora mstari kwa koteri, kifaa cha umeme cha kuchomea, hutazama skrini mara nyingine, ndipo anakata.